Mkono wa Shati la Bluu

Nyumbani,
Jumapili, baada ya kufua.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikitumaini kwamba u mzima, na kwamba kile kifua kilichokubana wiki iliyopita kimeachia. Mama anasema fundi wa vyumba vya baridi kukohoa ni sawa na mpishi kunuka vitunguu, ni alama ya kazi tu, lakini mimi bado nakuombea. Nifikishie salamu kwa Babu Jaketi wa zamu yenu, umwambie kwamba kile kitabu alichoapa hakina mwisho nimekimaliza. Mwisho upo, ila umejificha kama yeye siku ya kubeba mizigo.

Sisi huku hatujambo. Mama amezidiwa na kazi za sare. Chumba cha mbele kimejaa vitambaa vya kijani hadi kwenye kiti chako, na mteja akiingia anakaribishwa kusimama. Mdogo wangu amedondosha jino lingine la mbele, kwa hiyo akinywa maji anavuja. Anakusalimu sana. Amesema nikuandikie kwamba jino amelificha, na hatamwonyesha mtu mpaka ufike wewe.

Bila shaka umeshangaa kukuta karatasi ndani ya nguo. Uliposema kwamba likizo umeipata, na kwamba utakuja moja kwa moja shuleni siku ya wasomaji, na ukamwomba mama akutumie shati lako la bluu ulivae siku hiyo, mimi ndiye niliyepewa kulipiga pasi. Mama ametoka kumtafuta dereva wa lori la kampuni yenu ili achukue kifurushi. Kabla hajarudi, nitaiviringisha barua hii niisukume ndani ya mkono wa kulia wa shati. Mkono huo nimeuchagua kwa makusudi, utaona mbele.

Ningeweza kukupigia simu, najua. Wewe mwenyewe umemlalamikia mama kwamba nimekua, nimeota pembe, kwamba nikisikia ni wewe unayepiga natokomea uani. Mama amekujibu kwamba ni umri tu, utapita. Baba, sijaota pembe na wala si umri, ingawa kutokomea uani ni kweli. Nataka kukueleza sababu, lakini niruhusu nifike polepole. Unanijua. Hata dukani huanza kwa kuulizia bei ya kitu nisichokitaka.

Ilianza Jumatatu moja mwanzoni mwa muhula, siku chache baada ya mwalimu wa maktaba kunichagua nisome hotuba ya kuwakaribisha wageni siku ya wasomaji. Niliingia darasani nikakuta mtu amesimama mlangoni. Ni mvulana tunayemwita Rimoti. Huketi nyuma kabisa, na akitaka darasa licheke linacheka, akitaka lizimike linazimika. Alikuwa ameuingiza mkono wake ndani ya sweta, mkono wa sweta ukawa mtupu unaning'inia. Akaninyoshea kwa heshima, kichwa amekiinamisha, akasema kwa sauti nyembamba kwamba asante baba kwa kufika, najua umetoka mbali. Darasa zima likaanguka kwa kicheko.

Sikuelewa. Nilicheka pia. Nilidhani ni mzaha wa filamu ambayo sijaiona, maana filamu nyingi sijaziona, nikaona aibu kuuliza. Nikaushika ule mkono mtupu wa sweta na kuutikisa, ili nisionekane mshamba. Wakazidi kucheka mpaka wengine wakapiga madawati.

Kufikia mapumziko, mikono mitupu ilikuwa kila mahali. Kwenye foleni ya bomba, mkono mtupu. Kwenye ngazi, msichana wa darasa la juu nisiyemjua hata kwa sura alinipisha, akanyosha mkono mtupu, akasema pita Mheshimiwa. Wakati wa kuondoka, dirisha la darasa la pili lilikuwa na mikono ya sweta imetolewa nje, inapepea kama bendera, na ndani hakuna uso hata mmoja. Nilitembea nikitazama viatu vyangu. Nimevijua vizuri sana viatu vyangu muhula huu.

Aliyenionyesha ni jirani yangu wa dawati. Ni mpole, na huruma yake huja na maelezo mengi. Alisema hakutaka kunionyesha, alisema yeye mwenyewe hakucheka, alisema pengine nisitazame, kisha akafungua simu. Ilikuwa stika, zile picha ndogo ambazo watu hutumiana badala ya kuandika neno. Ndani yake nilikuwa mimi. Nimevaa kanga ya mama kiunoni, nimesimama mbele ya kamba ya nguo, na mkono wangu umeshika mkono wa shati lenye maji. Chini yake waliandika: ASANTE KWA KUFIKA.

Ni lazima nikueleze nilichokuwa nikifanya, ingawa pengine umeshaanza kukumbuka. Ukikumbuka, tafadhali usiache kusoma.

Ilikuwa Jumamosi, nimetoka kuanika nguo. Hotuba nilikuwa nimeiandika, lakini unajua nikisimama mbele ya watu koo linafunga kama duka siku ya msiba. Kwa hiyo nilifanya mazoezi mbele ya nguo. Shuka la kitanda chenu lilikuwa mgeni rasmi, kwa ajili ya ukubwa wake. Gauni la mama la kwendea harusini lilikuwa mwalimu mkuu. Kaptura za mdogo wangu zilikuwa wanafunzi wa madarasa ya chini, zinarukaruka kwa upepo, nikazikemea zitulie. Nguo zilinisikiliza vizuri. Nilisoma hotuba yote bila kukwama, jambo ambalo halijawahi kutokea maishani mwangu.

Mwisho wa kamba lilikuwapo shati lako la bluu. Hujui kwamba mama hulifua mara kwa mara hata kama halijavaliwa na mtu. Anasema nguo ikikaa sana kabatini inajifunza harufu ya kabati. Hotuba ilikuwa imekwisha, lakini nililiona limebaki pale peke yake, nikaona si adabu kuliacha bila salamu. Nikalipa mkono. Nikasema asante baba kwa kufika, najua umetoka mbali. Maji yalinichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nilikuwa na furaha, baba. Nilikuwa peke yangu, au niliamini hivyo.

Picha ilikuwa imepigwa kutoka dirishani. Hilo nililiona mara moja. Na wewe unajua nani hukaa kwenye dirisha lile akichezea simu ya mama. Nilirudi nyumbani nikamkamata mdogo wangu, nikamtikisa, nikamwita jina lile tunalomwita wote kwa sababu ya meno yake. Aliapa kwamba si yeye. Sikumwamini. Akalia kwa ule mdomo wake wenye mapengo, na alipolia niliona uso wangu mwenyewe. Tangu siku hiyo nimeacha kumwita Kibogoyo. Naomba na ninyi mwache.

Mama aliniona nimevimba macho. Usimlaumu, baba, kwa haya nitakayosema, maana anajitahidi kuliko mama yeyote ninayemjua. Una habari ya ile sheria yenu: kila jioni baada ya chakula nampa simu yangu, ile yenye kioo kilichopasuka, naye anaikagua ujumbe kwa ujumbe, picha kwa picha, kama anatafuta chawa. Siku hiyo alikagua mara mbili. Hakukuta kitu, kwa sababu hakuna aliyenitumia kitu. Waliokuwa wakitumiana ni wao kwa wao. Mimi sikuwa mwenyeji wa mazungumzo yale, nilikuwa mada tu.

Kwa kuwa hakukuta kitu, mama aliamua kwamba nimefuta. Akaniketisha kwenye marobota ya vitambaa akaniuliza kwa upole mvulana huyo ni nani. Nikasema hakuna mvulana. Akasema na yeye alikuwa msichana zamani, na macho mekundu hayasababishwi na hesabu. Akaichukua simu yangu akaifungia kwenye sanduku la vifungo, mpaka nitakapokuwa tayari kusema. Kisha akarudi kwenye cherehani, akaisimamisha simu yake mbele ya sindano kama kawaida yake, akaendelea kushona huku akitazama video. Mara nikamsikia anacheka. Alikuwa anamtazama mtoto wa watu, sijui wa nchi gani, amekwama kichwa ndani ya ndoo na analia. Mama akacheka mpaka akafuta machozi, akaniita nije nione. Nilikwenda. Nilitazama yule mtoto, nikawaza kwamba kuna chumba mahali fulani, kina mama mwema kama huyu, anafanya kazi yake, na mimi niko kwenye kioo chake nimeshika shati.

Tangu wakati huo sijakaa kwa amani. Ukijua adui yuko wapi unaweza kupita njia nyingine. Mimi sikuwa na simu, sikuweza kuona limefika wapi jambo lenyewe, kwa hiyo lilikuwa kila mahali. Mtu akinitazama kwa muda kidogo tu, naona amenijua. Nikipita kwenye nyumba zenye nguo kambani, upepo unainua mikono ya mashati, yote inanyoshwa kwangu. Nimeanza kuanika mashati huku nimebana mikono yake kwa vibanio, mmoja na mwenziwe. Mama ameniuliza kama nimeyakamata yakiiba.

Lakini lililonivunja ni dukani.

Mama alinituma mkate. Muuza duka alikuwa anamrudishia mteja chenji, na simu yake iko juu ya mizani. Simu ikaita. Mlio wake haukuwa muziki. Ulikuwa kicheko cha mwanamume. Kinaanza kama kikohozi, kinapanda ngazi tatu, kinakwama juu kabisa kana kwamba mwenye kucheka amekosa pumzi, halafu kinashuka na maneno: "Oh, Mheshimiwa! Mbavu zangu!"

Baba, niligeuka mlangoni. Niligeuka kwa haraka mpaka nikagonga rafu ya sabuni. Nilitazama mlango, nikatazama barabarani, nikimtafuta mtu niliyedhani amefika. Hapakuwa na mtu. Muuza duka alipokea simu, akazungumza, akaikata, akaniambia kwamba mlio huo amewekewa na mpwa wake, vijana wote wanao siku hizi, kicheko chenyewe kinaambukiza, hata ukiwa na huzuni utacheka. Hakunijua mimi ni nani. Alikuwa ananichangamsha tu, maana aliniona nimepauka. Nikaacha mkate pale pale, nikatoka.

Kumbe ile stika ilikatwa kwenye video, na video ina sauti. Stika niliyoonyeshwa ilikuwa bubu.

Siku hiyo jioni ulipopiga simu, mama alinipa nizungumze, nami nikakimbilia uani. Hapo ndipo kutoroka kulipoanza.

Nilikwenda kwa mwalimu wa maktaba nikamwambia hotuba ampe mtu mwingine. Yeye si mtu wa kubembeleza. Aliendelea kugundisha mgongo wa kitabu kilichochanika, akasema nafasi hiyo hatampa mtu, na siku ikifika nisiposimama, kiti kitabaki kitupu na wageni watajikaribisha wenyewe. Kisha akaniuliza ni nani. Nilimtaja Rimoti, kwa sauti ndogo mpaka akanitaka nirudie.

Akawaita mama zetu wote wawili, mimi na Rimoti tukiwapo. Natamani ungekuwapo. Mama Rimoti ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wazazi kwenye simu, kile ulichoomba uingizwe na wewe ili usikose habari za shule ukiwa mbali. Ni mama mwenye sauti ya mkutano hata akiwa na watu watatu. Alisema, na alisema kweli tupu, kwamba mwanawe hana simu, hajampa simu, na hatampa mpaka siku atakapomaliza shule, kwa hiyo mwalimu atafute mchawi kwingine. Mama naye akasema kwamba simu yangu aliikagua kila jioni ya Mungu mpaka alipoifungia, na hajawahi kukuta uchafu. Na hilo pia ni kweli. Wakaanza kupongezana kwa malezi. Wakati wakipongezana, simu ya mama Rimoti ikaita kwa ujumbe. Bila hata kuitazama akampa mwanawe, akasema hebu wajibu hao watu wa kikundi, mimi vidole vyangu havina subira. Rimoti akaipokea, akaandika haraka kwa vidole gumba viwili, kisha akaitia mfukoni mwake. Mfukoni mwake, baba. Si mwa mama yake. Mwalimu aliliona, nami niliona kwamba ameona. Mama zetu hawakuona kitu, maana walikuwa wanazungumza juu ya bei ya sare.

Sasa nimefika kwenye sababu yenyewe.

Alhamisi mama alikuwa ameshika sindano mdomoni na mkasi mkononi. Akanitupia simu yake, akaniambia nipande juu kwenye kikundi cha wazazi nimsomee vipimo vya sare walivyotuma. Nikapanda. Nikasoma kifua cha mtoto wa huyu na kiuno cha mtoto wa yule. Nikapanda tena, nikapita mwisho wa wiki, nikapita mwanzo wa muhula, maana kuna mzazi mmoja aliyetuma vipimo mapema kabla ya watu wote. Nikaona uani kwetu. Nikaona kamba. Niliona kwamba video ile haikutoka kwa Rimoti, wala kwa mdogo wangu, wala kwa mpangaji wa jirani niliyekuwa nimeshaanza kumchukia bure. Juu yake paliandikwa jina ulilohifadhiwa nalo kwenye simu ya mama: Baba Watoto. Na chini yake maneno yako: "Wazazi wenzangu, mcheki Mheshimiwa wangu anahutubia nguo! Mbavu zangu leo!"

Hapo nikakumbuka yote. Jumamosi ile ulipiga simu ya picha ukitaka kuona tangi jipya la maji, mama akaisimamisha simu dirishani itazame uani. Ukatuaga. Picha yako ikazimika, kioo kikawa cheusi, mama akaenda kwa mteja, nami nikaamini umekwenda. Hukwenda. Ulibaki unanitazama, ukarekodi, ukacheka. Kile kicheko cha dukani nilikijua tangu kikohozi cha kwanza. Nimekijua kabla sijajua kusoma. Nilikuwa najidanganya kwamba watu wanaweza kufanana vicheko.

Chini ya video yako wazazi walijaa. Sura za kucheka, mistari na mistari. Mmoja alisema umemkuza vizuri. Mmoja aliomba Mungu amlinde Mheshimiwa. Na katikati yao alikuwapo mama, ameweka sura tatu za kucheka na moyo mmoja mwekundu. Mama aliyeitafuta sababu ya machozi yangu ndani ya simu yangu mpaka akaifungia, alikuwa nayo kwenye yake, na ameiwekea moyo.

Ilikuwapo na nyingine pia, ya mdogo wangu siku uliyotuelekeza kumng'oa jino kwa uzi. Analia, anakimbia na uzi mdomoni. Hiyo bado haijapata safari. Yeye ataanza shule yetu mwakani.

Nikamalizia kusoma vipimo. Mama akaniuliza mbona sauti inakatika, nikasema vumbi la vitambaa.

Ijumaa nilimkuta Rimoti peke yake, anachota maji ya kumwagilia bustani kwa sababu ya adhabu. Hakuwa na watu wa kumchekea, na bila watu yeye ni mfupi kuliko nilivyodhani. Nilimwuliza, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo, kwa nini amenifanyia hivi. Nilitegemea atanyosha mkono mtupu. Hakunyosha. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali nje ya somo. Akasema, "Sasa wewe unanilaumu mimi? Si baba yako ndiye alianza kucheka? Sisi tumecheka baada yake." Kisha akasema, taratibu kidogo, kwamba alidhani nyumbani kwetu ndivyo tunavyotaniana, na kwamba baba yake yeye hana hata picha yake moja kwenye simu. Akabeba ndoo akaenda.

Nimekaa na maneno hayo siku mbili. Nimeyatafutia jibu kwenye kila kitabu nilicho nacho. Sijalipata. Ndiyo maana nimekuandikia, kwa sababu jibu hili si la kwangu kulitoa.

Baba, najua ulicheka kwa nini. Najua kule mliko kuna ukuta wa barafu, na jaketi zito, na mlango wa chuma unaofungwa nyuma yako, na mtu akipata kitu cha joto lazima awaite wenzake waje kuota. Najua ulimwonyesha Babu Jaketi kabla ya mtu yeyote. Najua ulikuwa unajivuna. Nimelisoma neno "wangu" pale ulipoandika "Mheshimiwa wangu" mpaka limekwisha utamu na kurudi tena. Lakini kicheko chako kilipotoka kwako hakikubeba upendo wako. Upendo ulibaki huko kwenye baridi. Kilichotufikia huku ni kicheko tu, na sasa kiko kwenye mifuko ya watu nisiowajua, kinaita, wanapokea, kinaita tena. Kinachonitisha si wale wanafunzi. Ninaogopa utafika, utakaa kwenye kiti chako, mdogo wangu atasema neno la kuchekesha, wewe utacheka, nami nitasimama nikimbie nyumba yangu mwenyewe. Sitaki kukimbia kicheko cha baba yangu. Ni kitu nilichokuwa nakikumbuka zaidi ulipoondoka.

Kwa hiyo naomba mambo machache, kwa heshima zote. Ongea na mama wewe, taratibu, wala usimwambie kwa simu akiwa anashona, atajichoma. Ya mdogo wangu iondoe. Na kama una neno la kuwaambia wazazi wenzako pale pale ulipowachekesha, wewe ni mkubwa, utalijua mwenyewe. Mimi siwezi kukufundisha.

Mwalimu wa maktaba nilimwambia juzi kwamba nitasimama. Nimemwambia kwa sauti, akanitaka nirudie, nadhani kwa raha yake tu. Sijui koo langu litafanya nini siku hiyo. Ukumbi utakuwa na Rimoti, na mama yake, na wale wote waliotoa mikono madirishani. Huenda watanyosha tena. Nitasoma hotuba mpaka mwisho, na mwisho wake nimeongeza yale yale niliyoliambia shati uani, sijafuta neno. Nitashuka jukwaani nije mpaka mlipo wazazi.

Wewe uwe umekaa mwanzoni mwa safu, umevaa shati hili, simu umeiacha kwa dereva. Mkono wake wa kulia umekuja kwako ukiwa na karatasi. Toa karatasi, uvae. Nikinyosha mkono wangu mbele ya watu wote, nataka nikute mkono ndani.

Basi baba, nikomee hapo, nasikia mama anaongea na dereva barabarani na pasi imeshapoa. Mdogo wangu anakusalimu tena, amesema usisahau habari ya jino. Mama atakusalimu mwenyewe. Jikinge na baridi, na kifua ukipake dawa.

Ni mimi mwanao, nikupendaye na nikusubiriye,

Bibi Vitabu
(kama ulivyoniita kabla ya Mheshimiwa)